Mikanda Miwili ya Mgiriki

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimesimamishwa Kingolwira leo. Miaka thelathini na minne naendesha Mgiriki, na swali la trafiki siku zote lilikuwa moja tu – mzee, hili nalo ni gari gani? Nami nilikuwa nalijibu kwa raha, hata kwa nusu saa.

Leo swali lilikuwa jingine. Afande mwenyewe binti mdogo, kibao cha jina kifuani: Sabra. Akaniamkia kwanza, shikamoo mzee, adabu anayo. Akazunguka gari. Akachungulia ndani. Mkanda uko wapi?

Nikamweleza kwa utulivu kabisa. Kwamba hili ni Triumph la mwaka 1967, viti viwili, halina paa, lilikuwa la Mgiriki mwenye shamba la mkonge hukuhuku, na mimi nililinunua kwa karani wake mwaka 1991. Kwamba wakati linatengenezwa mikanda ya kuvuka kifua ilikuwa bado mambo ya wachache. Kwamba kisheria mtu anaweza kujenga hoja. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na sikutaka kuwaangusha wenzangu barabarani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema gari ni la 1967, mzee wangu, lakini wewe unaliendesha leo.

Nikamkabidhi leseni ambayo hakuiomba. Mimi! Wala hakuniandikia kosa – eti kwa heshima ya mvi. Hiyo heshima ndiyo iliyoniuma.

Jumatano, 16 Julai

Nimemsimulia mke wangu Ester, Mama Hosiana, habari ya afande, nikitegemea pole. Alikuwa barazani anachambua mchele. Alicheka mpaka mchele ukamwagika toka kwenye ungo. Akasema siku akipita Kingolwira atamtafuta yule binti amshike mkono.

Basi nikaona nitumie nafasi hiyo hiyo. Tarehe 24 Agosti kanisani kwetu kuna jubilei ya ndoa. Mchungaji ameshatangaza: waliofikisha miaka arobaini watakuja wawili wawili, kila mume na mkewe ndani ya gari lao lililopambwa, na kila baba atatoa ushuhuda mfupi. Mimi na Ester ni miongoni mwao. Nikamwambia utepe mweupe juu ya boneti nyekundu utapendeza sana.

"Utapendeza," alisema. "Wewe tangulia. Mimi nitakuja na bajaji."

Tangu mwaka 1996 hajakanyaga ndani ya Mgiriki. Miaka ishirini na tisa! Hata kuliegemea haliegemei. Kibanda cha gari kiko kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake – hapa Bigwa kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mimi ni mkwe aliyekaribishwa tu – na bado hajawahi kudai kodi wala kuingia humo. Anapita nje.

Nikabembeleza. Nikasema mama, miaka arobaini, tutaingiaje kanisani mbalimbali kama watu wa kesi? Akaweka ungo chini. Weka mikanda ya kuvuka kifua, akasema. Ya kweli. Nitapanda.

Nimeandika saa: nane na dakika kumi mchana. Asije akageuka.

Kuhusu 1996, hadithi ya mbuzi naijua kwa moyo, nimeisimulia katika kila sherehe. Tunashuka mteremko wa Kiroka, tunatoka kwao Matombo. Mbuzi anakatiza. Nafunga breki. Mgiriki anasimama palepale – breki zake zilikuwa moto! – ila Ester hakusimama. Dashibodi ikachukua meno yake mawili ya mbele na mtulinga wa kushoto. Mbuzi akaendelea na safari bila kugeuka. Hapo kwa mbuzi ndipo watu huangua kicheko. Ester naye hucheka, na meno ya bandia anayo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepima. Miaka thelathini na mitatu ya kupima viwanja vya watu haikupotea bure. Nimechora Mgiriki ubavuni, juu na nyuma, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa. Mchoro safi sana. Tatizo pia liko wazi: magari ya watu yana nguzo katikati ya milango, na mkanda wa begani hufungwa juu ya nguzo hiyo. Mgiriki hana paa, na kwa kuwa hana paa hana nguzo. Nyuma ya kiti ni bodi ya bati na upepo.

Nimekwenda kwa fundi Sufiani, gereji ya Sabasaba. Mluguru wa Kinole, mtu mpole, huongea na gari kabla ya kuongea na mwenye gari. Alitazama, akatikisa kichwa. Akaniuliza, "Mzee wangu, unataka mkanda wa kuvaa au wa barabarani?"

Nilidhani ananitania. Hapana. Akafafanua kwamba wa barabarani ni ule wa kupitia trafiki. Unawaona mbele, unauvuta kifuani, unapita, unauachia. Wateja wengi huchukua huo, hauna usumbufu. Wa kuvaa ni kazi nyingine, itabidi achomelee upinde wa bomba nyuma ya viti, mkanda upate pa kushika.

Bomba! Nyuma ya viti vya Triumph! Litafanana na trela la kubebea miwa. Nikamwambia – naandika hapa nilivyosema, maana ni daftari langu – "Wowote tu Sufiani, muhimu upendeze. Usiniharibie umbo la gari."

Akasema sawa mzee. Ni mtu anayefuata maelekezo.

Jumanne, 22 Julai

Mikanda imepatikana. Imetolewa kwenye Noah iliyokatwa kwa ajili ya spea. Myeusi, mizima, ina hata harufu ya manukato ya mwenyewe.

Kufunga sasa. Mkanda una kile kidude cha kuuvuta na kuurudisha, na kidude hiki kimezoea kusimama wima ndani ya nguzo ya Noah. Sufiani alikilaza sakafuni nyuma ya kiti, kisionekane, maana nilitaka kisionekane. Kumbe kikilazwa kinadhani gari limepinduka. Kinajifunga. Mkanda unakubali kurudi ndani, kutoka hautoki.

Hilo tulilijua baadaye. Kwanza mimi nilikaa kwenye kiti, nikapitisha kichwa kwenye kitanzi kilichokuwa tayari nje, ili nipate picha. Mkanda ukaanza kurudi kwao. Polepole. Kila nikipumua unachukua kidogo. Nilikaa hivyo shavu limebanwa kwenye kiti, miwani imepanda kwenye paji la uso, hadi Sufiani akaja na bisibisi. Alinipa pole. Mteja mwingine aliyekuwa anasubiri kubadilisha oili alipiga picha.

Kidude sasa kimesimamishwa wima ubavuni nyuma ya mlango, kwa bolti nne. Kinaonekana kidogo. Nitavumilia.

Jumamosi, 26 Julai

Kazi imekwisha na imependeza! Mikanda imelala juu ya viti kama ilizaliwa humo. Nimewasha Mgiriki nikaenda Kingolwira bila shughuli yoyote. Afande Sabra alikuwa upande wa pili wa barabara. Nikapunguza mwendo, nikajipapasa kifuani aone. Akaninyooshea kidole gumba. Nimerudi Bigwa najisikia kijana wa miaka hamsini.

Nikamwita Mama Hosiana. Alitoka na kanga ya nyumbani, akasimama kibandani kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akashika mkanda wa abiria kwa mikono miwili, akakanyaga ubavu wa gari kwa mguu, akavuta.

Mwanamke wa miaka sitini na mitatu!

Ikasikika sauti ya kitu kikavu kinavunjika. Bolti nne zikatoka, na nati zake, na kipande cha Mgiriki kikubwa kama sahani ya pilau. Nje chekundu, ndani cheupe. Puti tupu – ile wanayopaka mafundi wa bodi kuziba palipoliwa na kutu kabla ya rangi. Katikati yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa.

Ile puti naijua. Mwaka 2004 fundi wa bodi aliniambia bati hapo limekufa, tukate tuweke jipya. Nikamwambia usikate, utaharibu mkunjo, wewe jaza tu. Alijaza vizuri sana. Kwa miaka ishirini na moja nimekuwa nikiwasifia watu ule mkunjo.

Ester akaniwekea bolti mkononi, moja moja.

"Bajaji," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani. Majina ya wanajubilei yametajwa tena. Ester amekaa na kina mama wa kwaya ingawa haimbi kwaya.

Jumatatu, 28 Julai

Nilikwenda Sabasaba kugomba. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sufiani alinipa kigoda, akanisikiliza huku anafuta mikono kwa dizeli. Halafu akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba aliniuliza. Wa kuvaa au wa barabarani. Na nilimjibu upendeze.

Sina mashahidi wa upande wangu. Kesi nimeshindwa.

Nikamuuliza basi chuma kizima kiko wapi kwenye gari hili. Akagonga kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, anasikiliza kama daktari wa kifua. Kuna milio miwili, alisema: wa chuma na wa puti. Mimi nilisikia wa puti peke yake.

Alhamisi, 31 Julai

Mama Hosiana amekuja gereji! Sikumwalika. Alishuka kwenye bajaji na utepe wake wa kupimia nguo shingoni, akamwitikia Sufiani marahaba, akauliza kazi imefika wapi. Nikataka kumwonyesha mchoro wangu. Akauweka juu ya betri.

Kazi yake ilikuwa uuguzi, wadi ya majeruhi, miaka thelathini. Alimweleza Sufiani kwamba mkanda wa begani lazima utokee nyuma, sawa na bega au juu yake kidogo. Ukitokea chini, ukapanda mgongoni mwa kiti ukalishukia bega, gari likigonga mkanda unakandamiza mtu kwenda chini. Uti wa mgongo unaumia. Alisema amewageuza kitandani watu wa namna hiyo na hataki kuwa mmoja wao kwa ajili ya utepe mweupe.

Sufiani aliitikia ndiyo mama, sawa mama. Kuanzia hapo kila swali anamwuliza yeye. Upinde utawekwa. Bati la puti litakatwa lote, chini tutachomelea bamba za chuma. Nikasema kwamba kwa upande wa sura ya gari, mtu akitazama nyuma ataona –

"Ataona kichwa cha kitanda," Ester alisema. "Tumelala kitanda kimoja miaka arobaini, watu wanajua."

Sufiani akajifanya anatafuta spana.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya. Niandike yote niyamalize.

Asubuhi Sufiani ametoa viti na kapeti ili apate sakafu safi ya kuchomelea. Ester alikuwepo, kaleta chai ya tangawizi kwenye chupa. Chini ya kapeti, upande wa abiria, Sufiani akafuta vumbi kwa kidole, akaita. Mzee! Mbona hapa palikuwa na mkanda?

Matundu mawili. Ya kiwandani, yana mikato ya bolti ndani yake. Moja bado lina bolti yenyewe, na ncha ya kitambaa cha mkanda imeng'ang'ania chini yake. Imekatwa. Sufiani alifurahi, masikini, alidhani ametupunguzia kazi ya kutoboa. Akamwonyesha mama. Tazama mama, ulikuwepo mkanda wa kiunoni, kuna mtu aliutoa.

Ester aliinama akatazama tundu. Akanitazama mimi. Nilikuwa nakunywa chai, nikaendelea kunywa kikombe kilichokwisha. Akafunga chupa. Akasema anatangulia nyumbani, ameacha maharage jikoni.

Hakukuwa na maharage jikoni.

Kuna sehemu ya hadithi ya mbuzi sijawahi kuisimulia. Yule Mgiriki mwenye shamba aliacha mikanda miwili ya kiunoni ndani ya gari. Wa dereva ulikuwa umelika, nikautupa. Wa abiria ulikuwa mzima. Mwaka ule nilikuwa natembea na theodolaiti ya Serikali, ile mashine ya kupimia, imekaa kwenye sanduku lake la mbao nyuma ya viti. Kila nikipiga kona sanduku linateleza. Niliogopa. Mashine ile ikiharibika ni barua, ni kamati, ni kukatwa mshahara. Basi nikaukata mkanda wa abiria kwa kisu, nikafungia sanduku. Ulifaa kabisa, kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili yake.

Siku ya mbuzi tulipita njiani nikapima kiwanja cha mtu. Nikarudisha mashine kwenye sanduku, nikafunga mkanda, nikauvuta kuhakikisha umekaza. Ester alikuwa ameshakaa mbele, ananisubiri. Kilomita tatu mbele ndipo mbuzi alipokatiza.

Theodolaiti haikupata hata mkwaruzo. Nililifungua sanduku kuangalia. Kabla ya kumwangalia yeye? Nimejiuliza swali hili miaka ishirini na tisa na jibu lake nalijua. Kabla.

Naona aibu. Nimeandika neno hilo, naliacha hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Jirani zetu wote wamekwenda uwanjani kuona ng'ombe na matrekta. Sisi tumebaki. Ester ananiambia chakula tayari, maji ya kuoga tayari, Hosiana amepiga simu toka Dodoma anakusalimu. Sauti ileile ya siku zote. Tundu la bolti hajalitaja.

Labda hakuelewa. Nimejaribu kuamini hivyo toka asubuhi hadi saa sita. Nimeoa mtu aliyekuwa akimtazama mgonjwa mara moja na kujua kama ameanguka au amesukumwa.

Jumatano, 13 Agosti

Upinde umechomelewa. Lazima nikiri: ni kazi ya mtu mwenye akili. Bomba nene limepanda toka bamba la kushoto likashuka kwenye bamba la kulia, limepakwa rangi nyeusi, na vile vidude vya mikanda vimesimama wima vizuri, mkanda unatokea juu ya bega. Sufiani alifunga mnyororo wa kunyanyulia injini kwenye kila bolti akavuta. Mgiriki mzima alisogea. Bolti hazikusogea. Kutoka nyuma gari linafanana na kitanda, sitaki kusema uongo.

Na Ester alipanda! Bila kutangaza. Alifungua mlango wa abiria, akakusanya gauni, akakaa. Miaka ishirini na tisa, halafu dakika moja tu, mtu amekaa. Nikajitia nakohoa moshi wa kuchomelea.

Akavuta mkanda, akaufunga. Akasema "Aah!" – si ya furaha.

Kiti cha abiria kiko kushoto, kwa hiyo mkanda unashukia bega la kushoto. Mtulinga wake wa kushoto uliunga vibaya, kuna nundu. Mkanda umekaa juu ya nundu hiyo hiyo. Tumejaribu kuongeza sponji. Tumejaribu kuhamisha bolti. Alinishika kidole akakiweka pale ili nimwonyeshe Sufiani. Mfupa umepishana kama matofali yaliyojengwa bila kamba. Sikumbuki lini niligusa hapo mara ya mwisho. Pengine sijawahi.

Akafungua mkanda, akashuka, akazunguka mbele ya gari taratibu. Akafungua mlango wa dereva, akakaa kwenye kiti changu. Akavuta mkanda. Bega la kulia. Ukatulia kifuani vizuri kabisa.

"Hapa," akasema.

Sufiani alicheka. Kisha akaniona uso, akaacha.

Jumamosi, 16 Agosti

Mgiriki haendeshwi na mtu mwingine. Hilo si jambo la kujadili. Nimelijadili siku tatu.

Ester ana leseni toka mwaka 1997. Alijifunza mara tu bega lilipopona, nami nilidhani ni ukaidi. Ameendesha Land Rover ya kliniki kupeleka chanjo milimani, masika, kwenye njia ambazo mimi nilizipima kwa miguu na kuziogopa. Sasa namwambia Mgiriki ana klachi nzito, gia ya pili inataka ujanja, usukani unavuta kushoto. Ananiitikia hee, hee, huku anakata mboga.

Hosiana amepiga simu. Kumbe mama yake amemweleza. Baba, akaniuliza, kwani unaogopa nini hasa? Nikamtajia mambo saba. La kweli halikuwemo.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi. Toka nyumbani hadi barabara ya lami, kupitia Kilakala, kurudi. Ester kwenye usukani, mimi abiria.

Gia ya pili iliingia bila ujanja wowote. Sielewi.

Nimeendesha gari hili miaka thelathini na minne na sijawahi kukaa upande ule, hata likiwa limesimama. Ni gari jingine. Hakuna cha kushika. Barabara inakujia, na miguu inatafuta breki ambayo haipo – nilikanyaga kapeti mpaka nyonga ikauma. Na dashibodi iko karibu. Karibu sana! Ni bati, na ukingo wake haukuviringwa.

Tuliporudi nilichukua utepe wa kupimia nikapima toka usoni pangu hadi kwenye ukingo ule. Sentimita arobaini na saba. Nimepima nusu ya wilaya hii, mashamba, viwanja, makaburi. Hiyo sikuwahi kuipima. Sikulala usingizi wa mchana.

Ester ameniuliza ushuhuda wangu wa Jumapili nimeshauandaa? Nikasema upo tayari. Ni ule ule, mbuzi, na mstari mmoja wa Zaburi mwishoni.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepiga boneti polishi. Nimefunga utepe. Nimekunja karatasi ya ushuhuda, nimeikunjua, nimeikunja. Mara tatu nilikwenda jikoni kumwambia. Mara zote nilirudi na kitu: maji, kiberiti, ndizi.

Jumapili, 24 Agosti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya Mgiriki, mbele ya nyumba. Suti, tai, ua jeupe. Mkanda kifuani. Kushoto.

Ester yuko kwenye usukani, gauni la rangi ya maziwa, mkanda bega la kulia. Amependeza hadi nashindwa kumtazama vizuri. Alikaa, akafunga mkanda, akashika ufunguo. Nikasubiri mlio. Hakuwasha.

Akasema nisome ushuhuda. Hapahapa, kabla ya watu. Nikatoa karatasi, nikasoma vizuri, na vituo. Nilipofika kwa mbuzi kutogeuka nikanyamaza kidogo, kama kawaida, kuacha nafasi ya kicheko.

Hakucheka. Alikuwa anatazama barabara. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kuulizia chumvi, "Baba Hosiana, siku ile mkanda wangu ulikuwa umefunga nini?"

Hakuuliza ulikuwa wapi. Aliuliza umefunga nini.

Nikamwambia ngoja kidogo, ushuhuda unahitaji kusahihishwa. Nikatoa daftari hili mfukoni, ndilo lililokuwa karibu. Akasema nisiharakishe. Gari haliwashwi mpaka niwe nimemaliza. Bajaji imepita, dereva akapunguza mwendo akauliza mama, twende? Akampungia mkono aendelee.

Nimeandika: Mke wangu, mkanda wako niliukata nikafungia theodolaiti. Ilipona, nikaifungua kuitazama kwanza, ndipo nikakutazama wewe. Nisamehe.

Mistari miwili na nusu. Ushuhuda wa mbuzi ulikuwa kurasa tatu.

Kengele ya kwanza imelia. Wanajubilei wenzetu wenye pikapu wamepita wanapiga honi, maputo yanaruka. Ester amenyoosha mkono wa kushoto, ule usionyooka mpaka mwisho, kiganja juu. Anataka kusoma. Nimeshika ukingo wa ukurasa ili niuchane nimpe huo peke yake.

Amesema usichane. Lete daftari lote.

Mkono bado ameunyoosha. Kengele ya pili inalia, nampa –